Nusu Lita ya Mzee Kibaba

Babu yake mzaa baba aliitwa Pishi, na hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Watu wa sokoni ndio waliompa, kwa sababu kwa miaka ishirini na tisa pishi ya kupimia nafaka ya soko zima ililala chini ya kitanda chake, na hakuna mfanyabiashara aliyethubutu kuigusa yeye asipokuwapo. Pishi akamzaa Mizani, karani wa ghala kuu, mtu aliyekuwa akipanda mwenyewe juu ya mizani kila Jumatatu asubuhi kabla ya kazi kuanza, ili chombo kijue kwamba kinachunguzwa. Mizani naye akamzaa huyu tunayemsimulia: Mkaguzi wa Mizani na Vipimo wa daraja la kwanza, miaka thelathini na minne kazini bila barua hata moja ya onyo, bila siku hata moja ya kuchelewa, na bila rafiki hata mmoja miongoni mwa wauza sukari. Mji mzima ulimwita Mzee Kibaba.

Jina hilo alilipata akiwa na miaka ishirini na minne. Alimnasa mwuza unga aliyemimina nta ndani ya kibaba chake, ikaganda chini, kibaba kikabaki na sura yake ya nje huku tumbo lake likiwa limepungua. Mwuza unga aliwaapia wazee wake wote, waliokufa na wanaougua, kwamba kipimo chake ni cha haki. Mkaguzi kijana hakubishana naye. Alikiweka kibaba juu ya jiko la mkaa la jirani, akafunga mikono nyuma, akangoja. Baada ya dakika chache uongo wa miaka sita ulichuruzika mezani mbele ya wateja.

Watani walisema ukoo ule unazidi kupungua, kutoka pishi hadi kibaba, na kwamba mjukuu ataitwa Kijiko. Mzee Kibaba hakucheka. Vipimo havikuwa jambo la mzaha katika nyumba yake. Alipostaafu aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, kunyoosha suruali kwa pasi hadi mkunjo uweze kukata mkate, na kunywa bia moja tu kwa juma, Jumamosi saa kumi jioni, nusu lita kamili, akiwa ameketi wima kana kwamba bia hiyo ilikuwa ikifanyiwa usaili.

Mwaka ule bei ya bia ilikuwa imepanda mara tatu. Mara ya kwanza lawama zilitwishwa shayiri, mara ya pili umeme, na mara ya tatu, kwa kuwa wasemaji wa viwanda walikuwa wameishiwa na visingizio, ilitajwa "hali halisi", ugonjwa ambao haujapatiwa dawa. Baa ndogo ndogo zikafunga milango moja baada ya nyingine. Lakini kampuni moja ilikuwa ikinenepa. Iliitwa Tulia Unywe. Ilimiliki baa ishirini na saba, zote zenye viti vilevile, harufu ileile ya sabuni ya sakafu, na bango lilelile mlangoni: BEI HAIPANDI. Kwa noti nyekundu moja, bila chenji, mteja alipata glasi ya bia ya bomba, kama mwaka jana, kama mwaka juzi. Watu waliuona muujiza na kuufurahia. Hakuna aliyeuliza unafanyikia wapi.

Kampuni hiyo ilikuwa na mtindo wake. Haikujenga, ilinunua majengo ya umma yaliyochoka, posta iliyokosa barua, benki iliyohamia ndani ya simu, sinema iliyogeuka ghala, kisha ikayapa jina la mtu mwadilifu wa mtaa ule. Picha yake ilitundikwa ukutani pamoja na zana zake za kazi, ili wanywaji walewe chini ya macho ya heshima. Kulikuwa na baa yenye jina la mwalimu mkuu, nyingine ya mkunga, na nyingine ya dereva wa treni ambaye, kwa bahati yake, alikuwa amekwisha kufa.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, Mzee Kibaba alitembelewa na mjukuu wake wa kwanza. Tangu akiwa na miaka minne msichana huyu alikuwa akiwapangia watu wazima mahali pa kukaa, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, na Tulia Unywe walikuwa wamemwajiri kuwa Afisa Upanuzi, yaani mtu anayelipwa ili kampuni isiwahi kuridhika.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Vua viatu."

"Nimeshavua, Babu."

"Basi keti. Na hiyo simu ilaze kifudifudi."

"Mwache mtoto apumue," Bibi alisema kutoka jikoni. "Humpokei jela huyo."

Bi Mkubwa alifungua kompyuta yake juu ya meza ya kahawa. Ramani ikatokea, imejaa vidoa kama mgonjwa wa surua.

"Hivi vyekundu ni baa tulizonazo, Babu. Hivi vya manjano ni tutakazofungua. Mia moja ndani ya miaka mitano."

"Na hivi vya kijivu?"

"Hizo ni baa za watu wengine. Tunatarajia zitafunga."

"Mnatarajia," alisema Mzee Kibaba. "Kama watu wanaotazama mawingu."

"Ni soko tu, Babu, ndivyo linavyofanya."

"Nimefanya kazi sokoni miaka thelathini na minne. Sikuwahi kuliona soko likifanya jambo lolote. Niliona watu."

Bi Mkubwa alicheka, akambusu babu yake kwenye kipara, jambo ambalo hakuna mwingine duniani aliyeruhusiwa kulifanya, kisha akatoa kilichomleta. Kampuni ilikuwa imenunua ofisi ya zamani ya Mizani na Vipimo. Ofisi ile ilifungwa miaka minane iliyopita, kazi yake ikahamishiwa makao makuu, na wakaguzi sasa walikuja mara moja kwa mwaka, mradi mafuta ya gari yapatikane na mvua isinyeshe.

"Tunataka tuiite Kibaba," alisema mjukuu. "Jina lako, herufi kubwa, mbele kabisa. Picha yako ndani. Wewe ndiye utakayekunywa glasi ya kwanza."

Bibi alitoka jikoni akiwa na kitambaa mkononi, akicheka hadi akashika mlango.

"Hamsini! Miaka hamsini mume wangu hajawahi kuyumba barabarani, na leo watu watayumba kwa jina lake! 'Umetoka wapi wewe?' 'Nimetoka Kibaba, sijiwezi.'"

"Bibi, nawe!"

"Nimesema uongo? Na yule atakayetapika, atakuwa ametapika wapi?"

Mzee Kibaba alinyoosha mkunjo wa suruali yake. Asije mtu akasema kwamba mzee huyu alikuwa na majivuno. Alijua tu thamani yake, na alikuwa akishangaa kwa nini wengine wamechelewa kuijua. Jina la Pishi halikuandikwa popote isipokuwa kwenye jiwe la kaburi. Jina la Mizani liliandikwa kwa penseli ndani ya jalada la daftari la ghala, na ghala likaungua. Hili lake lingekuwa juu ya mlango, kwa herufi za chuma zenye kimo cha mtoto wa darasa la pili. Alikohoa kidogo.

"Glasi yenu ni kiasi gani?"

"Nusu lita, Babu."

"Umeipima?"

"Iko kwenye ripoti."

"Sikukuuliza iko wapi."

"Babu, ile ripoti imesomwa na watu arobaini!"

"Na glasi imepimwa na wangapi?"

Bi Mkubwa alitabasamu na kusukuma mkataba mbele yake. Mzee Kibaba aliusoma wote, kurasa kumi na moja, huku chai ikipoa na mjukuu akikunja na kukunjua vidole vya miguu. Kisha alimwagiza Bibi amletee kalamu yake ya wino. Kwenye ukurasa wa mwisho, juu ya sahihi, aliandika kwa mwandiko wa mlazo aliofundishwa kwa kiboko: *Nakubali, kwa sharti kwamba kila glasi ya bia itakayouzwa chini ya jina langu iwe nusu lita kamili. Ikipungua, jina litashushwa siku hiyohiyo.* Akatia sahihi, akapuliza wino ukauke.

Wakuu wa Tulia Unywe walifurahishwa mno na mwandiko ule. Hawakuusoma, waliupenda. Mkurugenzi mwenyewe, alipougonga muhuri, alisema una mvuto wa kale, akaagiza ukurasa huo ukuzwe, utiwe kwenye fremu na kutundikwa nyuma ya kaunta. Aliagiza pia zana za kazi zitafutwe. Mzee Kibaba aliiazima kampuni vitu vitatu: kofia yake, mizani ndogo ya dawa, na kopo la shaba la nusu lita lenye muhuri wa serikali kwenye ukingo, ambalo alilinunua kwenye mnada ofisi ilipofungwa, ili lisije likaangukia mikononi mwa mtu wa kupandia maua. Alilisugua kwa majivu na limau hadi likamwonyesha uso wake. Kisha akalikabidhi kwa maandishi.

Siku ya ufunguzi, Jumamosi saa nane mchana, aliingia ofisini kwake kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane. Pale palipokuwa na dirisha la kulipia faini sasa palikuwa na dirisha la kuagizia chipsi. Benchi la walalamikaji lilikuwa limewekewa mto wa rangi ya zambarau. Chumba cha ushahidi, ambamo vipimo vya uongo vilifungiwa kwa kufuli mbili, kilikuwa choo cha wanaume. Ukutani, yeye mwenyewe alikuwa akijitazama kutoka kwenye picha ya mita moja na nusu, amevaa kofia, na hata yeye aliona kwamba amependeza.

Watu walijaa. Karibu naye alisimama rafiki yake wa ujana, Fundi Saa, mzee mwembamba aliyetengeneza saa za mji mzima hadi watu walipoanza kuuliza saa kwenye simu. Bibi alikaa kwenye mto wa zambarau, akanywa soda na kumkagua kila aliyepita.

Mkurugenzi alipanda juu ya jukwaa dogo, mwanamume wa makamo mwenye koti la bei kubwa na viatu vyeupe vya mazoezi, ili ionekane kwamba ni mtu wa watu.

"Ndugu zangu," alisema, "sisi Tulia Unywe hatuuzi bia. Sisi tunauza ujirani!"

"Basi bia inauzwa wapi?" Fundi Saa alinong'ona. "Majirani mimi ninao wa kutosha, natafuta hata wa kupunguza."

"Hii ni baa ya ishirini na nane. Kabla ya mwaka kwisha tutakuwa na arobaini. Wengine wanapandisha bei. Sisi tunapandisha nini?"

"Baa!" walijibu wafanyakazi, waliofundishwa asubuhi hiyo.

"Na bei?"

"Haipandi!"

Makofi yakapigwa. Bi Mkubwa, amevaa fulana ya kampuni yenye jina la babu yake kifuani, alimletea mzee glasi ya kwanza kwenye sinia. Macho yake yalikuwa yameloa kidogo. Mzee Kibaba aliichukua glasi kwa mkono wa kulia. Hakuinywa.

Mkono uliopima kwa miaka thelathini na minne haustaafu siku moja na mwenye mkono. Glasi ilikuwa nzito mahali pasipostahili. Aliiinua hadi usawa wa macho, kuelekea dirishani. Ilikuwa ndefu, imesimama vizuri, kiuno chembamba, bia ya rangi ya dhahabu, povu safi. Na chini kabisa, kioo kitupu, kinene kama soli ya buti la askari. Mzee Kibaba alihisi harufu ya nta ya miaka hamsini iliyopita.

"Babu, kunywa," Bi Mkubwa alisema kwa sauti ndogo. "Wanapiga picha."

Babu aliiweka glasi mezani. Akavuka ukumbi hadi ukutani, akalitungua kopo la shaba kutoka kwenye msumari wake, akalipangusa ndani kwa leso nyeupe, akarudi. Wapiga picha walifurahi. Walidhani ni sehemu ya sherehe. Mkurugenzi naye alidhani hivyo, akapiga makofi.

"Povu kwanza lishuke," alitangaza Mzee Kibaba. "Kanuni ni dakika nne."

Ukumbi mzima ulisubiri dakika nne. Fundi Saa alihesabu kwa saa yake ya mkononi, maana ndiyo kazi pekee aliyoambulia mwaka ule. Kisha mzee akaimimina bia taratibu, ikiteleza kwenye ukuta wa shaba hadi tone la mwisho. Akainamisha kichwa. Kutoka kwenye bia hadi kwenye ukingo palibaki nafasi ya upana wa kidole. Alikiweka kidole chake hapo, kikatosha.

"Sampuli ya pili," alisema, akalimwaga kopo na kuchukua glasi kwenye sinia ya mhudumu aliyekuwa akipita. Kidole kilitosha. "Sampuli ya tatu." Kidole kilitosha tena. Alikausha kidole, akatoa penseli mfukoni, akapiga hesabu nyuma ya kadi ya mwaliko.

"Mililita sabini zimepungua kwa kila glasi. Anayelipia glasi saba anakunywa sita. Ile ya saba," na hapa alimtazama Mkurugenzi, "inajenga baa ya ishirini na tisa."

Mkurugenzi alishuka jukwaani akiwa bado na tabasamu, kama mtu aliyesahau kulivua.

"Mzee wetu mpendwa, hii ni glasi ya kisasa. Kitako kinene kinatunza ubaridi."

"Hata nta ilitunza unga usipate unyevu. Ndivyo yule bwana alivyojitetea."

"Bwana gani?"

"Aliyenipa hili jina ulilolitundika mlangoni."

"Na kwa kweli, Mzee, bango letu halisemi nusu lita. Linasema glasi. Na hiyo ni glasi."

"Bango halisemi," alikubali Mzee Kibaba. "Ukuta wako ndio unaosema." Akanyoosha kidole kuelekea fremu kubwa nyuma ya kaunta. "Bi Mkubwa. Wewe una macho mapya. Tusomee."

Bi Mkubwa alikuwa amelitazama andiko lile kila siku kwa muda wa mwezi mzima. Aliongoza mafundi walining'inize sawasawa. Alilifuta vumbi. Sasa alilisoma kwa mara ya kwanza, na sauti yake ilianza vizuri, ikakwama kwenye "kamili", ikafika mwisho ikiwa imebaki pumzi tu.

"Ulipima?" babu yake alimwuliza, si kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Nilisoma ripoti, Babu."

Mkurugenzi hakuwa mjinga. Wajinga hawafikishi baa ishirini na nane. Aligeukia umati na kufungua mikono.

"Sawa kabisa! Mzee amesema, na sisi tunasikiliza. Naweza kuleta glasi za nusu lita, leo hii. Lakini ndugu zangu, shayiri si hewa. Nusu lita kamili itakuwa noti nyekundu na sarafu mbili juu. Ninyi ndio wenye baa. Amueni wenyewe: glasi kubwa na sarafu mbili, au hii hii tuliyoizoea, kwa bei isiyopanda?"

Manung'uniko yalipita ukumbini. Mzee Kibaba aliwatazama majirani zake mmoja mmoja. Alikuwa amewatetea wote. Yule mama wa duka la vitambaa, aliyepunjwa mita na wauzaji wa jumla, yeye ndiye aliyemrudishia haki yake. Yule fundi bomba, mwuza mafuta aliyempunja alifungiwa kituo. Alisubiri hasira iwapande.

Mkono wa kwanza ulioinuka ulikuwa wa Fundi Saa, na ndani yake kulikuwa na glasi ndogo.

"Kaka, tusameheane," alisema Fundi Saa. "Mimi nidanganywe tu. Lakini nisipandishiwe."

"Kweli bwana!" sauti ikadakia nyuma. "Sarafu mbili ni nauli yangu!"

"Mzee, umestaafu, pumzika! Utatuharibia Jumamosi!"

"Mwacheni Babu wa watu. Babu, tulia tu unywe, ndiyo jina la kampuni!"

Glasi zikainuka, themanini na zaidi, kama vile ukumbi mzima unamtakia mtu afya njema. Upande wa nusu lita iliinuka mikono miwili tu. Mmoja ulikuwa wa Bibi, ambaye hakuwahi kuonja bia maishani mwake. Wa pili ulichelewa, na ulitoka kwenye mkono wa fulana ya kampuni. Mzee Kibaba mwenyewe hakuinua chochote. Mkaguzi hapigi kura.

"Matokeo yako wazi," alisema Mkurugenzi kwa upole wa mshindi.

"Wazi kabisa," alisema Mzee Kibaba. Alilivaa koti lake vizuri, akafunga kifungo. "Mtu mzima ana ruhusa ya kupunjwa kwa hiari yake. Siwaingilii. Ila si chini ya jina langu. Siku hiyohiyo, imeandikwa."

"Mzee, haya tutayazungumza Jumatatu na wanasheria..."

"Meneja," Bi Mkubwa alimwita msimamizi wa baa ile. "Ngazi iko wapi?"

Mkurugenzi alimgeukia. "Wewe unafanya nini?"

"Natekeleza mkataba, bosi. Muhuri ni wako, sahihi ni ya babu, na fremu umenunua wewe."

Alivua viatu vyake vya ofisini mlangoni, akavipanga vizuri kama alivyolelewa, akapanda ngazi akiwa na bisibisi. Herufi zilikuwa sita. Alizifungua moja baada ya nyingine, akamteremshia babu yake, naye akazipokea kwa mikono miwili na kuzisimamisha ukutani kwa mpangilio. Ndani, muziki ulikuwa umeshaanza tena na biashara ilikuwa nzuri sana. Ile K ilikuwa na skrubu iliyokwama. Aliipigania robo saa nzima, jua likimchoma shingo, na hakuna aliyetoka kumsaidia isipokuwa Bibi, aliyeshika ngazi na kutoa maelekezo yasiyofaa.

"Babu," alisema alipokwisha kushuka, mikono yake imejaa vumbi. "Nilikuletea karatasi ya aibu."

"Karatasi haikuwa na kosa. Niliisoma." Alimtolea leso nyeupe. "Futa mikono. Kisha tukachukue kofia yangu. Kopo utalibeba wewe."

Bibi alizipima herufi kwa jicho. "Hii A nitazuilia mlango wa jikoni," alisema. "Hatimaye ukoo wenu umenifaa."

Mambo mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Kampuni ilimwandikia Mzee Kibaba barua ya kumshukuru kwa ushirikiano wake wa thamani, kisha ikamhamishia Bi Mkubwa kwenye tawi la mbali kabisa, mahali ambapo hata ile ramani ya vidoa ilikuwa imechoka kufika. Baada ya wiki mbili, jina jipya lilipanda mlangoni, kwa herufi kubwa kuliko zile za kwanza: FUNDI SAA. Ndani walitundika picha yake na saa kubwa ya ukutani isiyotembea. Yeye mwenyewe alipewa glasi moja ya bure kwa siku, ile ile ndogo, na hakuandika sharti lolote.

Mwezi wa tano bango la BEI HAIPANDI liliondolewa kwa matengenezo. Halijarudi. Siku iliyofuata bei ilipanda kwa sarafu mbili, zile zile mbili, na sababu iliyotajwa ilikuwa hali halisi. Glasi haikubadilika.

Fundi Saa alikuja barazani kwa Mzee Kibaba akiwa ameshika kofia mkononi.

"Kaka, wametupandishia!"

"Na glasi?"

"Ni ile ile."

"Basi mmepata vyote viwili," alisema Mzee Kibaba. "Mlipiga kura kwa kimoja tu. Kampuni ina ukarimu."

"Na wameniondolea ile ya bure."

"Keti, Fundi. Ni Jumamosi." Akamimina bia ya chupa kwenye kopo la shaba hadi ukingoni, akaigawa kwenye bilauri mbili, sawasawa, akiwa ameinama kupatanisha usawa wake. Wakanywa, na ilikuwa saa kumi kamili. Fundi Saa alihakikisha.

Bi Mkubwa alipiga simu kabla hawajamaliza.

"Shikamoo, Babu. Nimeacha kazi."

"Marahaba. Uliacha au uliachishwa?"

"Niliacha. Nilikuwa nazipima glasi za huku kila asubuhi na kuandika ubaoni. Wakaniomba nifute ubao. Babu, nimefanya usaili makao makuu ya Mizani na Vipimo. Wamenichukua. Mkaguzi msaidizi."

Mzee Kibaba alisimama, kwa kuwa habari kama hiyo haipokelewi umekaa.

"Mshahara?"

"Nusu ya ule wa zamani."

"Nusu kamili?"

"Kamili, Babu. Nimepima."

Mzee alikata simu haraka kuliko ilivyo adabu, akaingia ndani. Bibi alisikia mlango wa kabati ukifunguliwa na harufu ya limau na majivu ikitoka chumbani. Alikuwa akilisugua kopo. Lingesafiri kwa basi la Jumatatu, limefungwa kwa gazeti, pamoja na hati ya makabidhiano.

Basi ninyi vijana, mnaotia sahihi kwa ncha ya kidole juu ya kioo cha simu kabla hamjafika mstari wa pili, na kushangilia bei isiyopanda kabla ya kuuliza ni nini kilichoshuka: someni mpaka mwisho. Pimeni kwa mikono yenu wenyewe. Mkipewa glasi, geuzeni kwanza mtazame kitako chake, ndipo mumshukuru aliyewapa. Hamwombwi. Mnaagizwa.